Mchele Hauna Mafuta

Gunia lilikuwa limening'inia juu ya moto tangu siku Straton alipolileta, na kwa miezi minane hakuna mtu katika nyumba ya Mukankusi aliyelishika.

Straton alikuja nalo begani siku ya kuchimba viazi. Alikuwa ametembea kutoka Buleusa, kule chini Walikale kwenye joto na misitu, ambako yeye na Munyakazi, mume wa Mukankusi, walikuwa wameandikwa kutengeneza barabara. Alilitua gunia mlangoni, akavua kofia, akasema aliyotumwa kusema. Homa. Siku sita. Kaburi liko nyuma ya kanisa na lina msalaba wa mti mgumu. Gunia hili ni la posho yake, mpunga wa huko; alikuwa akiukusanya kidogo kidogo aje nao nyumbani. Mukankusi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Weka pale juu, panya wasifikie," akaenda kumchemshia viazi, kwa sababu mgeni alikuwa ametoka mbali.

Watu wa Muheto, kijiji chao, walingoja alie. Walikuja, wakakaa, wakalia wenyewe, wakarudi makwao. Wengine walisema mama huyu ana moyo wa jiwe, na wengine walisema mwacheni, machozi yana siku yake. Mukankusi mwenyewe aliyangoja, kama mtu anayengoja mvua kwa sababu majirani wote wamesema itanyesha. Mvua haikunyesha. Aliamka, akasali, akaenda shambani kwa mzungu kuchuma maua ya pareto, akarudi, akalala. Siku zilifuatana kama ng'ombe wanaopanda kilima, kila mmoja akitazama mkia wa aliye mbele.

Na vidole vyake vilikufa ganzi. Wachumaji wote waliijua ganzi ya pareto: unachuma kutwa, jioni midomo inawasha na ncha za vidole zinalala, asubuhi zinaamka. Vya Mukankusi, baada ya Straton kuja, havikuamka tena. Siku moja alishika chungu kilichotoka motoni na hakujua mpaka aliponusa ngozi yake mwenyewe. Hakujua kama ni maua au ni kitu kingine. Hakumwuliza mtu.

Hayo yangeweza kuendelea hivyo mpaka uzee. Lakini alikuwa na binti.

Kayitesi alikuwa na miaka kumi na minane, na Rutayisire alikuwa amemchumbia tangu baba yake akiwa hai. Arusi ilikwisha ahirishwa mara moja kwa ajili ya msiba. Sasa padri, ambaye hufika katika kanisa dogo la mlima wao mara moja kwa miezi mitatu, alikuwa ametangaza majina yao, na tarehe ikawekwa. Baada ya hapo Rutayisire angeondoka kwenda kazini mbali, na hakuna aliyejua angerudi lini.

Kwa wafugaji wa milima ile, bibi-arusi huwekwa ndani siku nane, na mama yake humpaka mafuta ya ng'ombe asubuhi na jioni, mpaka ang'ae kama ndama aliyelambwa na mama yake. Ni kazi ya mkono wa mama. Mwanamke anaweza kusahau mambo yote ya arusi yake, vyakula na nyimbo na wageni, lakini hasahau mkono ule.

Matatizo yalikuwa mawili. La kwanza: watu wale, ingawa walikuwa wamebatizwa na kila mmoja alikuwa na rozari, walishika neno moja la wazee, kwamba nyumba yenye kilio haisuki maziwa yatoe mafuta, na haipaki mafuta ya ng'ombe mpaka mwaka ugeuke. Ng'ombe wao wawili walikuwa kwa shemeji, juu malishoni, tangu siku Munyakazi aliposhuka Walikale. Kisabo, kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, kilikuwa kimetundikwa ukutani mdomo chini. La pili: Kayitesi naye alichuma pareto, na maua yalikuwa yameuchoma uso wake. Mashavu yalivimba, yakapasuka, yakafanya magamba. Akicheka, pembe za midomo zilitoa damu.

Siku kumi na mbili kabla ya arusi alifika Vénantie, shangazi wa Rutayisire, mwanamke mrefu mwenye fimbo, ambaye huko kwao ndiye aliyejua kila desturi na kuilinda kama mbwa. Alimshika Kayitesi kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa mlango.

"Yewe, mwana wangu. Hii njo sura utatuletea?"

"Iko pareto, Mama Vénantie. Itapona," alisema Kayitesi.

"Itapona lini? Padri hatakungojea sawa vile muntu anangojea viazi kuiva." Akamwachia, akamgeukia Mukankusi. "Mama Kayitesi, mi sikuje kukutukana. Uko na kilio, hauwezi kupaka. Naelewa. Lakini mwenye hawezi kupaka hawezi kutoa bibi-arusi. Nitarudi siku tatu mbele ya arusi. Nikikuta uso iko vile, nitamuchukua. Bamama ba kwetu batamupaka na atatokea kwetu."

"Sawa," alisema Mukankusi.

Vénantie alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alisimama kidogo, kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi, kisha akachukua fimbo yake akaenda.

Kayitesi alibaki akimtazama mama yake.

"Mama. Umesema sawa."

"Nimesema."

"Unajua umesema sawa ya nini? Nitatoka mu nyumba ya batu. Sitatoka kwako. Hata ile siku moja, Mama, mukono yako haitanigusa."

Mukankusi alijitafuta ndani, akitafuta aibu, kama mtu anayepekua mfuko akitafuta sindano. Hakuipata. Hakupata hata uchungu. Hapo ndipo alipoogopa kidogo, lakini woga wenyewe ulikuwa mbali, kama ng'ombe anayelia kwenye kilima cha ng'ambo.

"Niletee Victorine," alisema.

Victorine alikuwa jirani yao, mke wa Hakorimana. Alizaliwa Buleusa, akaolewa huku juu kwenye baridi, na kwa miaka kumi alikuwa hajaacha kuilalamikia baridi hiyo. Alikuja akiwa amejifunga mablanketi mawili. Aliutazama uso wa Kayitesi, akapiga ulimi, kisha akatazama juu ya moto.

"Ile iko mpunga ya kwetu?"

"Ya Munyakazi," alisema Mukankusi.

"Mama! Uko na dawa juu ya moto na unaiangalia sawa picha ya Bikira Maria. Kwetu, wakati ya kutwanga mpunga, mikono ya bamama inakuwa laini sawa ya mutoto wa kuzaliwa. Mabwana banatushika mikono barabarani, hatujui bametupenda ao bamepoteza njia. Iko maji ya kuosha mchele njo inafanya vile. Shusha hiyo gunia."

Mukankusi alilishusha. Lilikuwa jeusi kwa moshi na zito kuliko alivyodhani. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa kamba ya ganda la mgomba, na fundo alilijua: lilikuwa lile la kufungia ndama, mizunguko miwili, ncha ikapita chini. Mtu mmoja tu ndiye aliyelifunga vile. Alianza kulifungua, lakini vidole havikumwambia kamba ilianza wapi. Vilitambaa juu ya fundo kama vidole vya mtu mwingine.

"Kata," alisema Victorine, akamnyooshea kisu. "Kamba iko mingi."

"Hapana."

Aliinama akalifungua kwa meno. Ilimchukua muda. Victorine aliweka kisu chini. Kamba ilikuwa na ladha ya moshi. Ilipolegea, Mukankusi aliikunja, akaitia katika mfuko wa nguo yake.

Kinu kilikuwa kimoja tu Muheto yote, cha Victorine. Walitwanga wawili, Kayitesi akapepeta, makapi yakaruka uani mpaka kuku wakagombana. Kisha wakaosha. Victorine alieleza huku mikono imezama:

"Maji ya kwanza mwaga, iko na vumbi. Ya pili weka, ilale karibu na moto mpaka ichachuke kidogo. Mchele yenyewe lowesha, saga na jiwe, mupake uso mzima. Ikauke. Kisha mutoe pole pole na ile maji. Asubuhi na jioni. Na mutoto asirudi mu maua! Hiyo njo dawa kubwa kupita yote, asirudi mu maua."

Akaenda zake kwa mumewe. Kayitesi akaenda kisimani. Mukankusi akabaki peke yake na chungu.

Maji yalikuwa meupe. Hakuwa amewahi kuosha mchele maishani mwake. Milimani kwao ni viazi, maharage, mtama. Aliyatazama maji yale na macho yake hayakuona mchele. Yaliona maziwa. Weupe ulikuwa ule ule, na juu ulitanda ule utando mwembamba wa maziwa yaliyotulia. Akayatia kidole. Hakusikia kitu, lakini kidole kilitoka cheupe.

Ndipo wazo likamjia, nalo lilikuwa wazo lililonyooka kabisa. Nyumba ya kilio imekatazwa mafuta ya ng'ombe. Mchele si ng'ombe. Mchele haukuzaa, haukunyonyesha, haukukamuliwa na mtu. Ikiwa kitu cheupe kama hiki kitasukwa, kitatoa mafuta, kwa kuwa kila kitu cheupe alichowahi kukisuka kilitoa mafuta. Na mafuta hayo hayatakuwa ya ng'ombe, na Vénantie na fimbo yake watakosa neno.

Aliyasogeza maji karibu na moto mpaka yakawa vuguvugu, kama maziwa yanavyotaka. Akakitungua kisabo ukutani. Akayamimina humo, akaziba mdomo, akaketi chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akakiweka kisabo mapajani na kuanza kukisukuma na kukivuta.

Mikono ilikumbuka. Vidole vilikuwa vimelala, lakini mabega yalijua kazi, na kiuno kilijua. Kusukuma, kuvuta. Maji yalipiga ndani, *chwa, chwa*, sauti nyembamba kuliko ya maziwa. Alisikiliza, akingoja sauti inenepe. Msukaji mzuri husikia mafuta kabla ya kuyaona: sauti inakuwa nzito, kama mtu anayetembea kwenye matope. Jua lilihama mlangoni. Sauti haikunenepa. Aliendelea.

Kayitesi aliporudi na mtungi alisimama mlangoni kwa mshangao.

"Mama! Maziwa imetoka wapi? Na kilio?"

"Si maziwa."

"Unasuka nini sasa?"

"Mchele."

Kayitesi alitua mtungi. Alijaribu kujizuia, maana kucheka kulimwuma midomo, lakini kicheko kilimshinda, akacheka huku ameshika mashavu yake mabovu kwa mikono miwili. "Aïe! Mama, unaniua! Unasuka mchele! Kesho utakamua maharage!"

Victorine alikuwa amerudi kuchukua kinu chake. Alichungulia, akaona, akaketi palepale kizingitini kwa kucheka.

"Yesu wangu! Ninyi batu ya ngombe, mukiona mawingu mutatafuta maziwa yake! Mama Kayitesi, mchele hauna mafuta."

"Bado sijamaliza," alisema Mukankusi.

Alisema bila hasira. Kusukuma, kuvuta. Kulikuwa na kitu katika uso wake ambacho kilifanya Victorine afute macho na kuacha kucheka, na baada ya kitambo akachukua kinu chake akaondoka taratibu. Kayitesi alikaa akimtazama mama yake. Kisha akaja akaketi mbele yake, akanyoosha miguu hata nyayo zao zikagusana, akashika upande wa pili wa kisabo. Walikisukuma na kukivuta wawili, kama walivyokuwa wakifanya zamani Kayitesi akiwa mdogo na kisabo kikubwa kuliko yeye. Ilipofika saa ya kupika chakula cha usiku, Mukankusi alisimamisha kisabo, akafungua mdomo wake, akayamimina maji katika bakuli la mti.

Yalikuwa maji ya mchele, kama Victorine alivyosema. Yameanza kuchachuka. Lakini juu yake kulikuwa na kitu kinaelea.

Vilikuwa vichembe vya njano, vidogo kama mbegu za mtama, ishirini au pungufu. Mukankusi alivikusanya kwa kijiko, akavisogeza puani.

Vilinukia moshi wa majani yale wanayofukizia vyombo vya maziwa. Vilinukia ng'ombe. Mchele hauna mafuta. Haya yalikuwa ya kisabo chenyewe. Kisabo hunywa. Mwaka baada ya mwaka hunywa kidogo katika kila maziwa, na kuta zake hushika, na maji ya vuguvugu yaliyosukwa jioni nzima yalikuwa yamekwangua kile kilichobaki. Na maziwa ya mwisho yaliyoingia katika kisabo hiki, asubuhi ile kabla ya kushuka Walikale, yalikamuliwa na Munyakazi. Alichuchumaa pale uani, kofia nyuma, akimwimbia ng'ombe. Akaleta chombo, akasema, "Hii ya leo ina mafuta mingi, utaona." Mukankusi akasuka. Wakaagana.

"Ni nini, Mama?"

"Ni mafuta."

"Ya mchele?"

Mukankusi alikinusa kijiko tena. "Ya baba yako," alisema.

Machozi hayakuja. Alingoja, maana alidhani sasa ndipo yatakapokuja, na hayakuja. Aliyaweka mafuta yale kwenye kifuniko cha kibuyu, yakatosha kufunika ukucha wa dole gumba.

Siku zilizofuata alifanya kama Victorine alivyomfundisha. Alisaga mchele uliolowa kwenye jiwe, akampaka Kayitesi uso na shingo na mikono, akamwacha akauke mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Kisha akamwosha kwa yale maji machachu, kwa kiganja, pole pole. Jioni, baada ya kumwosha, aligusa mafuta kwenye kifuniko kwa ncha ya kidole na kupaka pale palipopasuka tu, pembe za midomo, chini ya macho. Mchele uliobaki baada ya kuoshwa waliupika. Siku ya kwanza Kayitesi aliweka mikono mapajani akautazama kwenye sahani.

"Tukule?"

"Aliuleta tuule," alisema Mukankusi. Walikula. Kwake haukuwa na ladha, lakini aliumaliza.

Siku ya tatu magamba yalianza kutoka. Siku ya tano uvimbe ulishuka. Siku ya saba, asubuhi, Mukankusi alikuwa anausafisha uso wa binti yake macho yake yakitazama nje, kwa mazoea, kama anavyofanya mtu ambaye mkono wake haumwambii kitu. Na mkono ukamwambia. Juu ya nyusi ya kushoto kulikuwa na mkunjo. Aliurudia. Lilikuwa kovu, fupi kama punje ya mchele, pale ndama alipompiga Kayitesi teke akiwa na miaka minne, na Munyakazi akambeba mbio akilia kuliko mtoto. Mukankusi alikuwa ameliona kovu lile kila siku. Alikuwa hajalisikia kwa kidole tangu hajui lini.

"Mama, umesimama," alisema Kayitesi, macho amefumba.

"Naendelea."

Vénantie alirudi siku tatu kabla ya arusi, kama alivyosema. Alikuja na wanawake wawili wa kwao, na mmoja alibeba mkeka wa kumchukulia bibi-arusi. Alimshika Kayitesi kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga. Alipitisha dole gumba kwenye shavu. Akapitisha tena. Kisha akainama karibu kabisa na pembe ya mdomo wake, akanusa.

"Mama Kayitesi."

"Ndiyo, Mama."

"Hii iko mafuta ya ngombe."

"Iko mafuta ya ngombe."

Wanawake wawili walitazamana. Vénantie alipiga fimbo chini. "Ndani ya kilio! Unataka mwana wangu aingize kilio mu nyumba yake kabla ya kuingiza bibi? Ngombe zenu ziko kwa shemeji. Nani amekupa? Nani mu Muheto amekupa mafuta?"

Mukankusi angeweza kusema ni mchele. Bakuli lilikuwa pale, jiwe lilikuwa pale, na Victorine angeapa mbele ya padri. Lakini alisema, kwa sauti ile ile aliyosema nayo "sawa" siku ile:

"Munyakazi alinipa. Ngombe alikamua yeye, siku ya kushuka. Ilibaki mu kisabo. Mi nilitafuta mafuta ya mchele, nikapata yake." Akaleta kifuniko. Kilichobaki kilikuwa kama jicho la kifaranga. "Kama unamuchukua mutoto, chukua na hii. Imalize naye. Lakini mi nimemupaka siku nane, Mama Vénantie, na sitaki kusema sawa tena."

Vénantie alikitazama kifuniko. Alikitazama kwa muda mrefu, na wanawake wake walingoja, na kuku mmoja akaingia ndani akatoka. Alikuwa mlinzi wa desturi, na mlinzi wa kweli hujua boma lina mlango wapi.

"Kilio inafunga nani?" aliuliza mwishowe. Hakumwuliza mtu hasa.

"Bafiwa," alisema mmoja wa wanawake.

"Bafiwa. Na marehemu je? Marehemu anafungwa na kilio yake mwenyewe?"

Akainua fimbo, akaielekeza kwenye kifuniko.

"Hafungwi," alisema Vénantie. "Baba ya mutoto njo amemupaka mutoto wake. Mama alimushikia tu chombo. Mi sioni kosa." Akamgeukia mwenye mkeka. "Kunja hiyo kitu. Nani alikuambia uilete?"

"Si wewe, Mama?"

"Nyamaza."

Walikunywa uji, wakaondoka. Mlangoni Vénantie aligeuka, kana kwamba amekumbuka kitu kisicho na maana. "Ile ya mchele," alisema. "Unaloweka siku ngapi?"

Kayitesi alibaki ndani akicheka, na safari hii midomo haikutoa damu. Mukankusi aliketi kizingitini. Aliitoa ile kamba ya ganda la mgomba mfukoni, akaanza kuifunga na kuifungua, fundo la ndama, mizunguko miwili, ncha ikapita chini. Binti yake alikuja akaketi nyuma yake, akamwekea kidevu begani.

"Mama, unasikia kamba?"

Mukankusi aligusa kidole kimoja kimoja kwa dole gumba, taratibu, kama anayesali rozari.

"Hapa nasikia," alisema. "Na hapa. Hapa kidogo. Hapa bado."

Akaifungua kamba, akaifunga tena.